Imani ya Mpigakura na Dini ya Mgombea



Juma lililopita wenzenu wa kidato cha tano walifanya mdahalo wenye mada hii: "Mpigakura amchague mgombea wa dini yake." Upande wa watetezi ulikuwa na wasemaji hodari. Walinukuu maandiko, wakapigiwa makofi, nami nikadhani kwamba mjadala umekwisha. Ndipo msichana mmoja, aliyetimiza miaka 18 na atakayepiga kura kwa mara ya kwanza, alipoinua mkono.

"Mwalimu," akasema, "mimi sina hoja, nina swali. Katika gombolola letu wanagombea udiwani watu wawili. Mmoja ni mzee wa kanisa letu. Amekuwa diwani kwa miaka mitano, lakini daraja letu la miti lilipochukuliwa na maji hakuonekana. Wa pili ni mama Mwislamu anayefanya biashara katika soko la Mpondwe. Huyo ndiye aliyewakusanya akina mama, tukabeba mawe na mbao hata tukavuka tena kwenda shule. Baba amesema kura za nyumba yetu ni za kanisa. Je, nikimpa yule mama kura yangu, nitakuwa nimemkosea Mungu, au nitakuwa nimemkosea baba tu?"

Kengele ililia kabla sijajibu. Nakiri kwamba niliifurahia, maana swali lilikuwa zito kuliko majibu niliyokuwa nayo. Makala haya ndiyo jibu langu. Sitamwambia ampigie nani kura, kwa kuwa hiyo si kazi ya mwalimu. Nitaeleza tu ninavyoona juu ya jambo lenyewe: imani ina haki ya kuingia katika kituo cha kupigia kura, lakini iingie ikiwa ndani ya moyo wa mpigakura, si ikiwa jina lililobandikwa kwenye kifua cha mgombea.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha. Neno imani lilitoka katika Kiarabu, na katika Kiswahili limekuwa na maana zaidi ya moja. Kwanza, imani ni kusadiki mambo ya dini. Pili, imani ni tumaini tulilo nalo kwa mtu: husema "nina imani naye", na wabunge wasiomtaka kiongozi humpigia kura ya kutokuwa na imani. Tatu, imani ni huruma: mtu asiye na imani ni katili, na mnyonge husema "nionee imani". Mgombea anapowaambia watu wamchague kwa sababu ya imani, yafaa aulizwe ni imani ipi anayoitaja. Mara nyingi anayo ile ya kwanza, nasi tunadhani kwamba ya pili na ya tatu zimefuatana nayo. Hazifuatani hivyo kila mara. Wahenga walituonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Wapo wanaokwenda upande wa pili kabisa. Hao husema dini ibaki kanisani na msikitini, na mtu aingiapo kupiga kura aiache mlangoni kama aachavyo viatu. Siwezi kukubaliana nao. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kuiba ni dhambi na kwamba yatima ana haki, ataipima vipi tabia ya mgombea bila mafundisho hayo? Kumwambia ayaache ni kumwambia apige kura bila dhamiri.

Historia yetu pia inawapinga. Mnamo Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda pamoja na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na udhalimu. Tarehe 16 mwezi huohuo Luwum aliuawa, na leo tarehe hiyo ni siku ya mapumziko nchini. Dini yake haikubaki kanisani. Lakini angalieni alichokitetea. Hakudai Waanglikana wapewe vyeo. Alidai uhai wa raia, na waliokuwa wakiuawa walikuwa wa kila dini. Zaidi ya miaka minne kabla yake, Septemba 1972, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, ambaye alikuwa Mkatoliki, alikamatwa katika Mahakama Kuu na hakurudi tena nyumbani kwake. Udhalimu haukuuliza mtu anasali wapi.

Basi imani ikiingia katika siasa kwa njia hiyo, ni baraka. Kuna njia nyingine, nayo Uganda inaijua vizuri mno. Mnamo Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana huko Mengo. Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza aliwasaidia Waprotestanti, nao wakashinda. Baada ya vita, vyeo na masaza viligawanywa kwa dini, na upande ulioshinda ukapata fungu kubwa. Jeraha hilo halikupona upesi. Chama cha DP kilipoanzishwa mwaka 1954, kiini chake kilikuwa Wakatoliki waliochoka kufungiwa milango ya vyeo. Chama cha UPC, kilichoundwa mwaka 1960, kilipata nguvu nyingi kwa Waprotestanti. Vyama vyote viwili vilikuwa na wanachama wa dini nyingine, lakini watani hawakujali. DP waliiita "Dini ya Papa", na UPC wakaiita Umoja wa Waprotestanti wa Canterbury. Watu walicheka, lakini utani huo ulieleza hali halisi: katika vijiji vingi ulitosha kujua mtu anasali wapi ili ukisie atapiga kura wapi. Mgombea ambaye kura zake zinajulikana kabla hajafungua kinywa hana haja ya kuahidi jambo lolote, wala ya kutimiza.

Majirani zetu wa Tanganyika walionyesha kwamba hali hiyo si ya lazima. TANU ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1954, mji ule ulikuwa na Waislamu wengi, na wengi wao waliitegemeza kwa mali na kwa jasho. Rais wa chama alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki. Sisemi kwamba swali la dini halikuulizwa kabisa miongoni mwao. Nasema kwamba halikuachiwa litoe jibu la swali jingine, yaani nani anaweza kazi.

Waliotunga Katiba yetu ya 1995 walikuwa wamejifunza kutokana na hayo. Ibara ya 7 inasema Uganda haitakuwa na dini ya taifa. Ibara ya 29 inalinda uhuru wa dhamiri na wa kuabudu. Ibara ya 71 inakataza uanachama wa chama cha siasa kujengwa juu ya dini, kabila au jinsia. Hata hivyo kaulimbiu ya taifa inasema "Kwa Mungu na Nchi Yangu". Sioni mgongano hapo. Taifa linamtaja Mungu, lakini halitaji dhehebu.

Nisiwe mwepesi kuipuuza hoja moja nzito. Katika mdahalo, mvulana Mwislamu alisema hivi: "Wenye dini kubwa ni rahisi kusema dini isihesabiwe, kwa sababu viti vyote tayari wanavikalia wao. Sisi wachache tusipomchagua wetu, nani atatukumbuka?" Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na Wakatoliki wa mwaka 1954 wangeielewa. Anayefungiwa nje ana haki ya kubisha hodi. Lakini tazameni hesabu. Sensa ya 2014 ilionyesha kwamba katika kila Waganda 100, Wakatoliki ni kama 39, Waanglikana 32, Waislamu 14 na Wapentekoste 11. Hakuna kundi hata moja kati ya hayo lililofika nusu. Katika mchezo wa kuhesabu waumini, wachache watashindwa kila mara, na hata walio wengi hawana hakika ya ushindi. Silaha ya mnyonge si idadi yake, ni haki. Jamii iliyosahauliwa iwadai wagombea wote shule, ajira na heshima, kisha impe kura yule atakayejibu kwa vitendo, awe wa kwao au asiwe.

Sisi wa Kasese na Bwera tunayo sababu ya kulifikiri jambo hili kuliko wengine. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ulichukua nyumba za watu wa madhehebu yote na kuiharibu hospitali ya Kilembe, ambamo wagonjwa wa kila dini walitibiwa. Diwani hachaguliwi kuongoza sala. Anachaguliwa ili aulize fedha za barabara zimekwenda wapi, na kingo za mto zitajengwa lini. Tena tunao msiba wa Juni 2023, wauaji wa ADF walipoivamia shule moja ya sekondari huko Mpondwe na kuwaua makumi ya wanafunzi, watoto wa umri wenu. Kundi lile limejivika jina la dini. Tukiwatazama jirani zetu Waislamu kwa jicho baya kwa sababu ya uovu wa watu wale, na tukamnyima kura mama mwema kwa sababu ya ushungi wake, tutakuwa tumeongeza dhuluma juu ya dhuluma. Mvaa ushungi na mvaa rozari wote walilia siku ile.

Viongozi wa dini nao wana wajibu wao. Nawaheshimu, na najua kwamba wengi wao hawataki kutumiwa. Lakini kampeni zinapoanza, wagombea hukumbuka ghafula njia ya kwenda ibadani. Huyu huleta mifuko ya saruji, yule huleta zulia, kisha huomba dakika tano za kuwasalimu waumini. Ni vigumu kumkemea mtu ambaye mabati yake yamekufunika. Mfano mzuri nauona kwa majirani wa mashariki. Mwaka 1986 chama tawala cha Kenya kilipoamua kwamba wapigakura katika mchujo wake wapange foleni nyuma ya wagombea, Baraza la Kitaifa la Makanisa lilipinga. Halikuwatetea wagombea wa kanisa. Liliitetea siri ya kura, kwa kuwa mchungaji anayepanga foleni nyuma ya mmoja huwagawa kondoo wake wote. Nasi tunalijua jambo hilo, maana mwaka 2018 tulimchagua mwenyekiti wa kijiji kwa kupanga mstari. Katika mstari, katekista anakuona, imamu anakuona, baba anakuona. Katika kura ya siri, anayekuona ni Mungu peke yake. Kwa hiyo anayeamini kweli asiiogope kura ya siri. Hapo ndipo imani yake inapopimwa.

Imani hiyo, ikiwa hai, humfundisha mpigakura kuuliza maswali matatu ambayo Biblia na Kurani zote mbili zingeyaridhia. Je, mtu huyu husema kweli, na ahadi zake za jana ziko wapi? Je, ni mwaminifu katika amana, yaani mali ya watu iliyopita mikononi mwake ilifika ilikokusudiwa? Na je, humtendeaje mtu asiye na cha kumlipa: mjane, mlemavu, mkimbizi aliyevuka mpaka kutoka Kongo? Mgombea wa dini yako akiyashinda maswali hayo, mchague bila haya, maana kuwa wa dini yako si kosa. Akiyashindwa, jina la dini lisimwokoe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa nimrudie binti yangu wa kidato cha tano. Kumchagua mtu kwa wema wake na kwa uwezo wake wa kazi si kumkosea Mungu, na kura yako ni yako wala si ya nyumba. Katiba imekupa wewe, kwa jina lako, ukiwa na miaka 18. Kwa baba yako usiende kwa ubishi. Mheshimu, mpe nafasi ya kusema, kisha mwambie kwa sauti ya chini: "Baba, wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba mti hujulikana kwa matunda yake. Mimi nimeyatazama matunda." Huenda akakasirika. Huenda pia, usiku akiwa peke yake, akalikumbuka daraja.

Kazi yenu ya juma hili ni insha ya kurasa mbili. Chagueni jambo moja ambalo dini yenu imewafundisha kuhusu haki, kisha mweleze jinsi mtakavyolitumia kumpima mgombea msiyekuwa wa dini moja naye. Atakayeona kwamba nimekosea aandike hivyo, na atoe hoja zake. Insha ya namna hiyo nitaisoma kwanza.