Zamani Gani Hiyo Isiyo na Wahalifu?

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja, kwa spika aliyoielekeza dirishani kwangu, alitangaza kwamba enzi za Mwalimu Nyerere nchi hii haikuwa na wahalifu, na kwamba vijana wakirudia maadili, magereza yatageuzwa maghala ya mahindi. Waumini wakaitika "Amina!" Mimi nikaunguza chapati.

Enzi zipi hizo? Mwaka 1983, Mwalimu akiwa Ikulu na Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ulipita msako wa wahujumu uchumi. Watu walikamatwa kwa kulimbikiza bidhaa, na wengine wakazitupa usiku wasikutwe nazo. Mwaka huohuo ikaja Nguvu Kazi: ukikutwa unazurura Dar es Salaam huna kazi inayoeleweka, safari ya shamba inakuhusu. Hao nao walikuwa wahalifu, Mchungaji, ila hukuwahesabu. Kisha Ikulu akaingia Mzee Mwinyi na ruksa zake za biashara, na mwenye shehena ya sabuni stoo akaitwa mfanyabiashara. Sabuni ni ileile. Kilichohama ni mstari.

Mfaransa Émile Durkheim aliliandika hili mwaka 1895: jamii isiyo na uhalifu haipo. Hata ukiwafungia watakatifu watupu kwenye nyumba ya watawa, kasoro ambayo sisi huku wala hatuioni, kule itakuwa kashfa. Watu wanahitaji wa kumnyooshea kidole ili wajue wao wamesimama wapi. Anayebisha akakae kwenye kamati ya harusi, aone aliyechelewesha mchango anavyohukumiwa.

Durkheim alitoa mfano wa Socrates, aliyehukumiwa na Athens kwa fikra ambazo baadaye dunia ilizisujudia. Sisi wetu tunaye. Mwaka 1958 mahakama ya mkoloni ilimtia Nyerere hatiani kwa kuwakashifu maofisa wa serikali, ikampiga faini ya shilingi 3,000. Kwa hesabu za mhubiri, Baba wa Taifa ni mmoja wa waliotuharibia maadili.

Najua nitakavyojibiwa: "Kwa hiyo unataka vibaka watupore simu?" Hilo ndilo kimbilio la kila aliyeishiwa hoja. Kukuambia masika lazima yaje si kukuambia ung'oe bati. Kibaka akamatwe, apelekwe kituoni. Apelekwe akiwa hai, lakini, na hapo nawaomba wale wenye haraka ya tairi na petroli, ambao naamini Jumapili hawakosi kuitika Amina. Mauaji hayo ya kuchoma watu moto mbona mhubiri hakuyagusa? Kwake mhalifu ni kijana wa kijiweni tu, basi.

Na mstari bado unahama. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja shilingi 20,000. Mmachinga akakivaa shingoni, akapanga viatu vyake kando ya barabara bila kukimbizana na mgambo. Mwaka 2021 wamachinga wakaondolewa kwenye njia za waenda kwa miguu na vibanda vikavunjwa: wakawa wavunja sheria. Kijana ni yuleyule, viatu vilevile, pengine na kitambulisho bado kinaning'inia shingoni. Mchungaji aniambie ni mwezi gani hasa, kati ya hapo, maadili yake yaliporomoka.