Wasindikaji wadogo wasinunue mifuko kwa mng'aro

Kila mwezi wa Agosti, katika viwanja vya Nanenane, wajasiriamali wetu hupanga mezani kahawa iliyokaangwa, korosho zilizobanguliwa, karanga na unga wa lishe. Bidhaa zenyewe ni nzuri na nyingi zinaweza kushindana na zile za madukani. Udhaifu uko kwenye mfuko. Wapo wanaofungasha katika nailoni inayoonyesha, na wapo wanaojiona wamekwisha piga hatua kwa sababu mfuko wao ni wa rangi ya fedha na unang'aa kama kioo. Hoja yangu ni kwamba kung'aa ni jambo moja na kuhifadhi bidhaa ni jambo jingine. Msindikaji asiyejua tofauti hiyo hulipa bei kubwa dukani, kisha hulipa tena pale kahawa yake inaporudishwa kwa kukosa harufu.

Wengi huuita mfuko huo "wa foili". Mara nyingi si foili. Foili ni alumini tupu iliyokandamizwa kati ya rola mpaka ikabaki na unene wa kama mikroni 7. Mifuko mingi inayong'aa, ikiwemo ile ya krispi za viazi, hutengenezwa kwa njia ya mvuke wa metali.

Kazi hiyo hufanyika hivi. Jora la filamu ya plastiki huingizwa katika chumba cha chuma, kisha hewa hufyonzwa karibu yote. Waya wa alumini hulishwa juu ya visahani vilivyopashwa moto hadi nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi. Kwa kuwa hakuna hewa ya kuuzuia, mvuke wa alumini hupanda moja kwa moja na kuganda juu ya filamu inayopita ikiwa imekumbatia rola baridi, kama mvuke wa wali unavyoganda kwenye kifuniko cha sufuria. Teknolojia hii si ya jana. Puto la mawasiliano la Echo 1, ambalo Marekani ililirusha angani Agosti 1960, lilikuwa la plastiki iliyopakwa alumini kwa mvuke.

Utando unaobaki juu ya plastiki huwa na unene wa nanomita 40 hivi. Foili ni nene kuliko huo mara 175. Kwa lugha ya shambani, kilo moja ya alumini ikitandazwa kwa unene huo hufunika mita za mraba kama 9,000, yaani zaidi ya ekari mbili. Kilo hiyo hiyo ikiwa foili haifikishi mita 55. Hapo ndipo unafuu wa bei ulipo, na ndiyo sababu viwanda vikubwa vya chakula duniani vimeipokea njia hii.

Je, utando mwembamba hivyo unasaidia kitu? Unasaidia sana. Filamu ya polyesta ya mikroni 12 ikiwa tupu hupitisha zaidi ya sentimita za ujazo 100 za oksijeni kwa kila mita ya mraba kwa siku. Ikipakwa vizuri, kiasi hicho hushuka hadi karibu 1. Nailoni ya kawaida hupitisha maelfu. Oksijeni ndiyo inayoharibu mafuta ya korosho na karanga yakatoa ule ukakasi tunaoujua, na ndiyo inayoua harufu ya kahawa ndani ya wiki chache. Kahawa ina shida nyingine: baada ya kukaangwa hutoa gesi, kwa hiyo mfuko wake mzuri huwekewa vali ndogo inayotoa gesi nje bila kuruhusu hewa kuingia.

Lakini nimesema "ikipakwa vizuri". Macho hayawezi kutofautisha utando mzuri na ule hafifu, kwani yote miwili inang'aa. Wachuuzi wa mifuko wanalijua hilo. Muulize muuzaji wako mambo mawili: oksijeni inayopenya ni kiasi gani kwa mita ya mraba kwa siku, na kipimo cha kuzuia mwanga ni kipi. Kipimo cha 2 maana yake ni kwamba sehemu moja tu ya mwanga kati ya 100 inapita. Asiye na karatasi ya vipimo hivyo anakuuzia rangi.

Kama huna wa kumuuliza, ingiza tochi kali ndani ya mfuko ukiwa gizani. Wa mvuke utapitisha mwanga hafifu. Foili haipitishi, isipokuwa pale ilipotoboka. Ukikunja kipande kwa kidole, foili hubaki imekunjika, wa mvuke hujikunjua. Na tahadhari: utando huu hupasuka kwenye mikunjo, kwa hiyo mifuko iliyobanwa kwenye gunia na kupigwapiga safari nzima kwenye basi imekwisha pungua nguvu kabla hujaijaza.

Wapo watakaosema basi tununue mtambo wetu wenyewe. Nawaelewa, ila hesabu inakataa. Jora la kilomita 40 lenye upana wa mita 2 ni mita za mraba 80,000. Tuseme mfuko wa robo kilo unakula sehemu ya kumi ya mita. Hapo tumepata mifuko 800,000, yaani ya tani 200 za kahawa, na mtambo mkubwa unaokwenda mita 10 kwa sekunde huipitisha kwa saa moja na dakika chache. Siku zinazobaki za mwaka utapaka nini? India, hiyo hiyo inayonunua korosho zetu ghafi, ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa filamu hii duniani, na ina walaji wa kuifanya mitambo isilale.

Ninachoona kinawezekana ni vyama vya ushirika na vikundi vya wasindikaji kuagiza majora kwa pamoja, yakakatwa na kushonwa mifuko hapa nchini, kazi ambayo mashine zake ni ndogo zaidi. SIDO ina ofisi mikoani na inaweza kuwa ghala la kuanzia. Mifuko iagizwe bila maandishi, kila mmoja abandike lebo yake. Kuchapa kwa rola za kuchonga hudai rola moja kwa kila rangi, gharama ambayo kikundi cha akina mama wa Mbinga hakina sababu ya kuibeba kwa mifuko elfu mbili.

Liko suala la taka pia. Marufuku ya Juni 2019 iligusa mifuko ya kubebea na kuviacha vifungashio vya viwandani na vya mazao, lakini mfuko wa plastiki na alumini iliyogandana ni mgumu kurejelezwa. Kwa karanga zinazouzwa na kuliwa wiki hiyo hiyo sokoni, sioni haja yake. Uwekwe kwa kahawa na korosho zinazosafiri, na fedha iliyookolewa kwenye karanga inunue mashine nzuri ya kuziba, kwa sababu mshono unaovuja hupitisha hewa hata kama mfuko wenyewe ni wa foili halisi.