Krimu Yapigwa Marufuku, Mpakaji Asahaulika

Siku ya soko, Chwele hufurika watu. Wakulima wa vitunguu, nyanya na ndizi humiminika kutoka pande nyingi za Kaunti ya Bungoma. Nyuma ya vibanda vya mboga, katika vyumba vyembamba vya mabati, hufanyika kazi ambayo aghalabu haitajwi soko hilo linaposifiwa: kusuka nywele, kusafisha uso na kutunza ngozi. Wengi wa waifanyao ni wasichana waliojifunza kwa kutazama, kisha wakakodi kiti katika saluni ya mtu mwingine.

Je, serikali inawatambua? Inawatambua zaidi kwa malipo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilizipa kaunti mamlaka juu ya masoko na leseni za biashara, na mwenye saluni hulipia kibali kila mwaka. Bima mpya ya afya ilipoanza Oktoba 2024, asiye na mshahara alitakiwa kutoa kiasi kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, tena kwa mkupuo wa mwaka mzima. Ni mzigo mzito kwa mtu ambaye pato lake hutegemea kama mvua imenyesha siku ya soko. Lakini akiulizwa ujuzi wake umethibitishwa na nani, hana cheti cha kuonyesha.

Kwa upande wa vipodozi vyenyewe, sera si dhaifu. Shirika la Viwango la Kenya limepiga marufuku krimu na sabuni zenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Mwaka 2013 Kenya ilitia sahihi Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana mjini Geneva kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe kufikia 2025. Haya ni mambo mema. Zebaki hudhuru figo na neva. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha madoa meusi yasiyofutika kwa urahisi.

Hata hivyo, sheria hizi humtazama mwagizaji, muuzaji na mteja. Mteja hupakwa mkorogo, akalipa, akaenda zake. Mpakaji huchovya vidole vyake bila glavu, kuanzia mteja wa kwanza hadi wa mwisho, naye ndiye asiyetajwa popote. Msako ukifika, kinachochukuliwa rafuni ni mtaji wake mdogo. Aliyeingiza bidhaa hiyo nchini yuko mbali na Chwele.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia, na wanaosoma Kiswahili hawawezi kulikwepa. Zebaki haiandikwi kila mara kwa jina linalojulikana. Kwenye pakiti huweza kuitwa calomel, au mercurio, au jina jingine refu la Kilatini. Orodha za bidhaa zilizopigwa marufuku nazo huchapishwa kwa Kiingereza, ilhali mhudumu na mteja wa Chwele huzungumza Lubukusu na Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji. Neno zebaki ni la zamani, limo kamusini. Kilichokosekana ni mtu wa kulifikisha sokoni.

Wapo watakaosema kwamba kudai vyeti kutawafukuza wasichana hawa kazini. Hofu hiyo ina msingi, ikiwa cheti kitageuzwa kuwa ada nyingine tu. Lakini Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda hutoa mitihani ya ufundi wa urembo kwa madaraja, na sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini ilizinduliwa mwaka 2024. Njia ipo, ila haijafika kwenye kiti cha kukodi.

Tena kuna jambo lisilohitaji kungoja bajeti. Afisa wa afya ya umma anayekuja kukagua saluni angeweza kubeba ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye majina yote ya zebaki. Vyama vya Kiswahili vyuoni vina wanachama warudio Bungoma kila likizo, nao wanaweza kuuandika. Ungebandikwa kando ya kioo, mahali ambapo mhudumu na mteja wote wawili hutazama.