"Ya asili" si kipimo

Leo tunasema wazi, na atakayekereka atusamehe.

Sisi tunaofuata mchele Ifakara mara nyingi hurudi na mfuko wa magome na mizizi. Bonde la Kilombero limebarikiwa miti ya dawa, na dawa zake si porojo. Mwaka 1964 Mswisi Fritz Haerdi alichapisha kazi nzima juu ya mitidawa ya wilaya ya Ulanga ya wakati huo, aliyofundishwa na waganga wa huko. Mwaka 1994 wanasayansi wa Tanzania na Uswisi walichapisha majaribio ya mimea 43 inayotumiwa nchini kutibu malaria, na baadhi ilionyesha nguvu maabara. Kwa hiyo hatuitukani miti shamba. Ugomvi wetu ni na maneno ya wauzaji: "Ni ya asili, haina madhara, kunywa tu."

Kunywa kiasi gani? Mti hautoi dawa sawa kila siku wala kila mahali. Sisi wa visiwani tusidanganyike kwa hili. Karafuu na makonyo hutoka mti mmoja, lakini nani anatia makonyo kwenye pilau? Mafuta yaliyomo kwenye karafuu kavu ni mengi kuliko ya makonyo. Ndivyo ulivyo mzizi mbele ya jani. Ongeza udongo, mvua, umri wa mti, mwezi wa kuchuma, kuanika juani au kivulini. Hata kuchemsha ni jambo: maji hutoa vitu vingine, mafuta au spiriti hutoa vingine.

Tazameni artemisia, inayosifiwa sana kwa malaria. Kiini chake, artemisinini, huanzia karibu sifuri hadi kupita asilimia 1 ya jani kavu, kutegemea mbegu na wakati wa kuvuna. Hakiyeyuki vizuri kwenye maji. Pakanga ya kwetu Afrika ni mmea mwingine, na kiini hicho hakimo au kimo kidogo mno. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani mwaka 2012, na tena 2019, lilikataa chai na unga wake kama tiba ya malaria, ingawa dawa mseto ya hospitali asili yake ni mmea huohuo. Tofauti ni kipimo.

Sasa mtoto anachemka homa, mama anampa vijiko viwili kutoka chupa isiyo na jina la mti. Ikiwa hafifu, malaria inaendelea kumla huku mama amestarehe moyo. Ikiwa kali, ini na figo za mtoto ndizo zinazolipa.

Watatuambia mababu hawakuwa na maabara. Kweli, lakini walipima. Mganga aliujua mti wake, alijua achimbe upande gani na msimu gani, akampa mgonjwa mwenyewe, na kesho akaja kumtazama. Muuza chupa wa leo hamjui mti wala mgonjwa. Asijifiche nyuma ya mganga.

Wenye cherehani tunajua: majora mawili ya rangi moja, yakitoka mikupuo tofauti, hayalingani kwenye gauni moja. Kilo ya mchele ikipungua tunagomba, tunakumbushana kuwa kupunja mizani ni haramu. Vipi dawa ya mtoto tuikisie?

Basi tuwatake wauzaji waandike jina la mti, sehemu iliyotumika, ulikotoka, mwezi uliochumwa na kiasi cha kunywa, na wapeleke bidhaa zao kupimwa kwa Mkemia Mkuu. Asiyeweza, tusinunue kwake, na sisi wenye maduka tusimuuzie. Na homa ya mtoto au ya mjamzito ianze kwa kipimo cha malaria kituoni, siyo kwa chupa.

Shifaa inatoka kwa Allah. Uaminifu wa kipimo ametuachia sisi.