Pima damu kwanza, kopo baadaye
Katika makala yako kuhusu virutubisho vya kinga ya farasi, madini ya seleniamu umeyapita haraka mno, na hapo ndipo farasi wanapokufa. Kinga yao inaihitaji kweli, ikishirikiana na vitamini E, lakini farasi wa kilo 500 anatosheka na takriban miligramu moja tu kwa siku. Ukimpa chakula kilichoongezwa madini, kisha unga wa kinga, kisha jiwe la kulamba, huenda umempa seleniamu mara tatu bila kujua. Ikizidi polepole, singa za shingo na mkia huanza kunyonyoka, na kwato hupasuka kwa mistari ya kuzunguka.

Ikizidi ghafla, hata muda wa kuona dalili hizo hupati. Aprili 2009, huko Wellington, Florida, farasi 21 wa timu moja ya polo walikufa baada ya kudungwa mchanganyiko wa vitamini na madini wenye seleniamu kupita kiasi. Walikuwa wazima, wameletwa kucheza. Wakaanza kuyumba, wakaanguka mbele ya watunzaji wao, na madaktari wa mifugo hawakuweza kuwaokoa. Inauma sana, kwa sababu aliyewadunga alitaka wapate nguvu.

Vitamini C farasi hujitengenezea mwenyewe kwenye ini. Vitamini E huipata kwenye majani mabichi. Wa kuongezewa ni yule anayelishwa majani makavu mwaka mzima. Kwa hiyo nawasihi wenye farasi: pesa ya kopo la virutubisho ianzie kwenye chanjo ya pepopunda na kipimo cha damu. Daktari akiona upungufu, atawaambia kiasi cha kuongeza.