Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH)

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: KUJARIBU FOTOANODI PWANI YA MTWARA

Nafundisha fizikia sekondari hapa Mtwara. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na tangu 2015 bomba linaipeleka Dar es Salaam. Iko siku itakwisha. Jua na maji tutabaki navyo, na hivyo viwili vinatosha kutoa haidrojeni, nishati ya kuchukua nafasi ya gesi. Kazi hiyo imekwama kwenye fotoanodi, na ndiyo maana nakuandikia.

Fotoanodi ni utando uliopakwa juu ya kioo kinachopitisha umeme, kisha ukazamishwa majini. Mwanga ukiupiga, elektroni hukimbilia elektrodi ya pili kutoa haidrojeni; chaji chanya hubaki zikitoa oksijeni. Fujishima na Honda wa Japani walilionyesha hilo mwaka 1972 kwa oksidi ya titani. Lakini oksidi hiyo hunasa urujuanimno tu, takriban asilimia 5 ya nishati ya jua.

Hematiti hunasa mwanga mwingi zaidi, tena ni bei nafuu. Ni jamaa wa kutu ile ile inayotafuna misumari ya mapaa yetu kijijini Msimbati. Taabu yake ni kwamba chaji chanya hufa baada ya nanomita chache, ilhali utando hauwezi kunasa mwanga wa kutosha bila unene wa mamia ya nanomita. Kwa hiyo watafiti huuotesha kama vifito vyembamba vilivyosimama, ili chaji isiwe mbali na maji, wakachanganya titani au silikoni kidogo, na kupaka kobalti juu ili oksijeni itoke upesi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wanafizikia wanaozifahamu vyema tando za namna hii. Wanachohitaji ni mahali pa kuzitesa. Maabara hutumia taa na maji safi yaliyopimwa. Huku kuna joto, mvuke wa chumvi, na kloraidi ya bahari inayogeuka klorini pale tunapotaka oksijeni. Mdomoni mwa Mto Ruvuma maji matamu hukutana na ya chumvi, hivyo utando mmoja unaweza kupimwa katika viwango vingi vya chumvi.

Naomba Tume igharimie kituo kidogo cha majaribio, kwa mwaka mzima, kaskazi na kusi. Maji yachotwe, yapimwe kwenye matangi nchi kavu. Klorini isiguse hifadhi ya bahari ya huku kwetu, iliyoanzishwa mwaka 2000. Wanafunzi wangu wanaweza kusoma vipimo kila siku. Tunasubiri jibu lako.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa fizikia, Mtwara