Biskuti za Siku ya Wageni

Akina mama, wakati wa kuchuma kahawa huku Mbinga hakuna nafasi ya kukanda unga kila siku. Mwenye friza aweza kukanda mara moja tu. Changanya unga, siagi, sukari na mayai. Fanya vidonge, vipange katika sinia mpaka vigande, kisha vitie katika mfuko na kuufunga vizuri. Andika tarehe. Katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri vitakaa vyema miezi 3. Wageni wakija, vioke vivyo hivyo vikiwa vigumu, ukiongeza dakika 2 au 3.

Nanyi wa Liuli na Mbamba Bay mnaoweka usipa katika friza hiyo hiyo, tumieni chombo chenye kifuniko, maana siagi hunyonya harufu ya samaki.

Lakini kumbukeni: baridi huvilaza vijidudu, haiviui. Watoto wasirambe unga huo mbichi. Umeme ukikatika, vidonge vikalainika na kupata joto kwa muda wa zaidi ya saa 2, vitupeni. Afadhali hasara ya unga kuliko mtoto kuharisha.